Taa Mbili Juu ya Ziwa

Mwezi uliopita nilipita sokoni Uyole jioni moja, umeme ukiwa umekatika. Akina mama wauza samaki walikuwa wamewasha tochi za simu na vitaa vya sola, isipokuwa mmoja, mtu mzima aliyekaa pembeni, ambaye alikuwa na karabai. Harufu yake ilinifikia kabla sijaiona: mafuta ya taa yanayoungua kwa nguvu ya pampu, bati la moto, na wadudu waliojipeleka wenyewe wakaungua mabawa. Nikasimama na mfuko wangu wa nyanya mkononi. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia namsubiri mtu.

Wenzangu mliokulia ufukweni mwa Nyasa miaka ile mtanielewa. Nyumbani tuliwasha kibatari. Karabai ilikuwa ya ziwani, na ilikuwa ya Baba, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa hata ikiwa imepoa.

Nyumba yetu ilikuwa mahali ambapo mashamba ya mpunga yanakoma na mchanga unaanza. Mashariki, milima ya Livingstone ilisimama kama ukuta. Kusini hakukuwa na kitu ila maji, na baada ya maji, mbingu. Baba yangu, Ambokile, alilima mpunga na kakao kama watu wote, lakini zile siku za giza, mwezi ukishapotea, aliingia ziwani kuvua usipa, wale dagaa wadogo wa Nyasa, pamoja na mdogo wake, Lusajo. Kila mmoja alikuwa na mtumbwi wake, na kila mtumbwi ulikuwa na karabai yake, iliyofungwa kwenye mti mfupi ili usipa waufuate mwanga. Baba mdogo Lusajo hakuwa ameoa. Alilala nyumba ndogo ya uani kwa Bibi, mama yao, na kila alichokifanya Baba, yeye alikifanya baada ya muda mfupi. Baba akinyoa, naye ananyoa. Baba akicheka, naye anacheka, hata kama hakusikia kilichosemwa.

Nyakati hizo za giza mimi na Mama tulikaa kibarazani tukizitazama taa zao. Mstari kati ya maji na mbingu ulipotea kabisa, na taa za wavuvi zikabaki zimening'inia tu, nyeupe, zikitetemeka. Mara nyingi sikuweza kusema ipi ni nyota na ipi ni mtu. Mama aliweza. "Yule baba yako," angesema, akinionyesha kwa kidevu, "na yule wa pembeni ni Lusajo." Nilimwamini. Ndivyo nilivyokua nikijua: kila mwanga ulioko mbali una mtu chini yake.

Mwalimu Zaituni alikuja kwetu nikiwa darasa la tatu. Alitoka Singida, amepangiwa kufundisha fizikia kwenye sekondari ya jirani, na Baba alimpa chumba cha mwisho cha nyumba yetu. Alikuwa mwembamba, hijabu zake zimenyooshwa vizuri, na alipocheka alijiziba mdomo kwa kiganja. Aliogopa maji. Muda wote aliokaa kwetu sikumwona akiingia ziwani kupita vifundo vya miguu. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa nyumba moja na Mwislamu, alimuuliza siku ya kwanza anakula nini. Alipojibiwa kwamba kila kitu isipokuwa nguruwe, alishusha pumzi. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru. "Nilidhani hata ndizi huli."

Mizigo yake ilikuja kwa mkokoteni, na katikati yake kulikuwa na kitu kirefu kilichoviringishiwa blanketi. Sisi watoto tulisema ni bomba la kisima. Lilikuwa bomba kweli, jeupe, pana kiasi cha mimi kuingiza kichwa, na chini kabisa kulikuwa na kioo. Hiyo ndiyo ilikuwa darubini yake. Aliachiwa na mhadhiri wake wa chuo, mgeni aliyekuwa akirudi kwao, kwa sababu ni yeye tu, darasa zima, aliyekuwa akibaki nje wenzake wakienda kulala.

Aliisimika uani, ikatazama kusini, juu ya ziwa. Mota ndogo iliyotumia betri ya pikipiki iliizungusha taratibu kufuata mwendo wa anga, ikilia kama nyenje aliye mbali. Ubavuni mwake, karibu na mdomo wa juu, alifunga kamera. Hakutafuta mwezi wala sayari, vitu ambavyo hata sisi tungevifurahia. Alitafuta galaksi mbili zilizokaa pamoja, ndani ya kundi la nyota alilosema linaitwa Tausi, na alitaka kuzipiga picha moja tu iliyo safi.

"Atu," aliniambia, maana hakuna aliyeniita Atupele ila shuleni, "unaliona lile wingu jeupe linalokatiza angani? Lile si wingu. Ni nyota, nyingi mpaka hazitenganishiki, na sisi tumo humo ndani. Ile ndiyo galaksi yetu. Sasa ziko nyingine. Hizi mbili ziko mbali sana. Mwanga wake ulianza safari kabla hapajawa na mtu yeyote duniani wa kuuona."

"Sasa ulikuwa unakuja kwa nani?" nikamuuliza.

Alicheka, akajiziba mdomo.

Siku aliyoniruhusu nichungulie, alitoa kamera, akanisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Niliona weusi, na nyota chache kama chembe za chumvi. Nikamwambia sioni kitu.

"Usizitazame moja kwa moja," alisema. "Ukizikazia macho zinakimbia. Tazama pembeni, kama mtu asiyezitaka."

Nikatazama pembeni. Zikaja. Zilikuwa mbili, kama pumzi mbili juu ya kioo, moja kubwa kidogo kuliko nyingine, zimeinamiana. Nilipogeuza jicho kuzitazama vizuri, hazikuwepo. Nilishuka kwenye kinu, na usiku ule nililala nimemshika Mama nguo.

Picha zake za mwanzo zilikuwa mbaya. Alipiga nyingi, kisha akazipandanisha moja juu ya nyingine kwenye kompyuta yake, na bado zilitoka na ukungu wa rangi ya maziwa upande wa chini. Mchana mmoja Baba alisimama mlangoni kwake, akaomba kuona. Ndani ya ule ukungu zilionekana duara mbili zilizojikunja, kila moja ikizunguka katikati yake yenyewe.

"Hizi nazijua," Baba alisema. "Nyayo za kasia. Ukichomoa kasia majini, maji yanajikunja hivi hivi. Hawa ni watu wawili wanapiga makasia, mmoja nyuma ya mwenzake. Lusajo, njoo ujione!"

Lusajo akaja, akacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini niliona ana neno linalomsumbua.

"Baba Atu, unisamehe. Sina haki ya kusema hili, ninyi mko kazini. Lakini huu weupe wa huku chini ni karabai. Mnavulia chini kabisa ya pale ninapopigia picha. Ukungu wa ziwa unaubeba mwanga, unaupandisha."

"Kumbe tunakuharibia!" Baba alisema. Hakukasirika hata kidogo. "Mwalimu, mimi na wewe ni watu wa giza. Tunagombea giza moja." Akamtazama mdogo wake. "Leo tutakwenda mbali. Mbali mpaka taa zetu msizione."

"Na usipa wako huko huko," Lusajo alisema.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, nikinyonya kakao mbichi. Mama alikuwa jikoni. Hayo ndiyo yaliyosemwa, sijaongeza neno.

Jioni ile walisukuma mitumbwi, mmoja baada ya mwingine. Taa zao zilikuwa kubwa, zikawa ndogo, zikawa kama mbegu ya ulezi. Halafu hazikuwepo tena. Mama alisema, "Leo wamekwenda wapi hawa?" na hakunionyesha mtu kwa kidevu. Kusini palikuwa peusi kama alivyopenda Mwalimu. Nilisikia mota ikilia uani, na yeye akijiimbia kwa sauti ndogo wimbo wa kwao. Nililala.

Mwera ulianza kabla ya mapambazuko. Mliokaa kule mnaujua upepo ule wa kusini: hauji na wingu wala radi, unakuja tu, na ziwa linasimama kwa mawimbi. Wavuvi waliokuwa karibu waliuhisi mapema, wakarudi wakiwa wamelowa. Kulipokucha, wanawake wote walikuwa ufukweni, na Mama alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni, gauni lake likielea pembeni, akitazama. Bibi alisimama nyuma yake ameshika vitenge viwili vikavu, vya kuwafunika wanawe watakapofika.

Walitafutwa. Watu wa vijiji vya jirani walitoa mitumbwi. Siku zikapita, kisha ikaja habari kutoka Ikombe. Wanawake wa kule, wale wafinyanzi, walikuwa wamekwenda kuchimba udongo wakakuta mtumbwi umekwama kwenye mawe. Ulikuwa wa Lusajo. Haukuwa umepinduka. Kasia lilikuwa ndani, na karabai imefungwa kwenye mti wake, kioo kizima. Wanaume waliuzunguka wakaulizana mambo ambayo watoto hatukupaswa kuyasikia. Kwa nini mtu atoke kwenye mtumbwi mzima? Mtumbwi wa Baba haukuonekana.

Bibi alipouona ule mtumbwi ukiletwa, alifungua kinywa alie. Mama alimwahi, akamshika mabega.

"Mama, usilie."

"Niache niwalie wanangu."

"Ni mtumbwi mmoja, Mama. Walitoka na miwili."

"Gwe mwanangu," Bibi alisema, "ziwa halihesabu mitumbwi."

"Ukimlilia, umemwua." Mama alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa mama mkwe wake. "Mimi mume wangu hajafa. Mtu asimlilie kwangu."

Bibi akaikusanya khanga yake, akaijaza kinywani.

Basi hatukuwa na msiba. Ndugu walikuja kutoka Makwale na vikapu vya mchele kwa ajili ya matanga, wakamkuta Mama anachambua mboga na kuwaambia Ambokile amechelewa tu. Mchungaji alikuja, akaomba, akaondoka. Kila jioni Mama alimtengea Baba chakula, akakifunika kwa sahani, na asubuhi akakipa kuku. Bibi alikaa kwenye mlango wa nyumba ndogo, khanga mdomoni, na usiku nilimsikia akilia kwa pua, kilio kisicho na sauti. Nilikiogopa kuliko kelele yoyote. Nyumba yetu ilikuwa imezibwa kama chungu kinachochemka.

Na Mwalimu alibadilika. Darubini aliiviringishia tena blanketi. Alitoka kwenda shule, akarudi, akajifungia. Hakula kwetu tena. Mama alimwamkia asubuhi kama kawaida, kwa upole hata, na kila alipoamkiwa niliona Mwalimu anashika ukuta.

Mchana mmoja Bibi alinituma nimpelekee ndizi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani, kompyuta magotini, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Na pale kwenye kioo ilikuwepo ile picha. Haikuwa na ukungu tena. Chini yake palikuwa peusi kabisa. Katikati zilikuwepo nyayo mbili za kasia, nyeupe, zenye taa iliyowaka katikati ya kila moja, na mikono ya mwanga ikizizunguka, zimesogeleana mpaka mikono imeingiliana.

Niliweka bakuli chini.

"Umeipiga lini hii?"

"Usiku ule," alisema. Hakuniangalia.

"Wako wapi hapa?"

"Mbali sana, Atu."

"Mbali mpaka hatuwaoni?"

"Mbali mpaka hatuzioni."

Sikusikia kwamba yeye alisema *hatuzioni*. "Na wanakuja?"

Alifikiri, maana hata katika hali ile alikuwa mwalimu asiyetaka kumdanganya mtoto. "Zenyewe hapana," alisema. "Mwanga wake tu ndio unaokuja."

Nilitoka mbio. Leo naweza kuyatenganisha mambo yale moja moja na kuona nilivyoyafuma, lakini siku ile hayakuwa na mshono. Baba alisema watakwenda mbali mpaka tusizione taa zao. Baba mwenyewe alisema zile ni nyayo za kasia, za watu wawili. Mwanga ulioko mbali una mtu chini yake. Na mwanga wao unakuja. Kwangu hapakuwa na kitu cha kuuliza tena.

Mama alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mikono imezama kwenye mbegu, ile harufu yake kali kama siki imejaa uani.

"Nimewaona," nikamwambia. "Baba na Baba mdogo. Kwa Mwalimu. Taa zote mbili. Wamekwenda mbali lakini darubini inawaona, na Mwalimu amesema mwanga wao unakuja."

Mikono yake ilisimama ndani ya kakao. Sijui aliniamini vipi, mtu mzima yule. Labda mtu aliyekwisha kukataa kila neno la watu wazima hubaki na neno la mtoto tu. Alinyanyuka, akajifuta kwenye kitenge, akaenda mpaka mlango wa Mwalimu.

"Mwalimu," alisema, "jioni ya leo utoe chombo chako."

"Mama Atu..."

"Utoe."

Giza la mwezi lilikuwa limerudi. Saa mbili ya usiku darubini ilikuwa uani, na Mwalimu alichukua muda kuipata ile sehemu ya anga. Wavuvi wengine walikuwa wameanza kuingia ziwani tena, lakini wamekaa karibu na ufuko, na hakuna hata mmoja aliyewasha taa mbele ya nyumba yetu. Mama aliinama, akaweka jicho.

"Sioni."

"Tazama pembeni, Mama Atu. Usizikazie."

Alikaa hivyo kwa muda. Kisha niliona mgongo wake unakakamaa.

"Nawaona," alisema.

Bibi alikuwa ametoka nyumba ndogo bila sisi kumsikia. Aliitoa khanga mdomoni. "Unamwona mwanangu?"

"Nawaona wawili, Mama."

Nikafurahi. Niseme ukweli, nilifurahi kama sijawahi kufurahi. Nilimtazama Mwalimu nikitegemea naye afurahi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetazama nyumba ikiungua. Angeweza kunyamaza. Nimefikiri juu ya hilo maisha yangu yote. Angenyamaza, Mama angeendelea kusubiri, na yeye angeendelea kuamkiwa kila asubuhi.

"Mama Atu," alisema, "hizo si karabai."

Mama hakutoa jicho.

"Ni nyota. Nyota nyingi, mbali. Zilikuwepo hapo kabla Baba Atu hajazaliwa. Wallahi ningependa ziwe wao. Mtoto amenisikia vibaya, na mimi sikumwelewa alichokuwa akiniuliza." Sauti yake ilianza kuvunjika. "Na kuna jambo lingine. Ni mimi niliyewaambia wasogee. Taa zao zilikuwa zinaniharibia picha. Ndiyo maana walikwenda mbali. Nimeshindwa kukwambia, kila siku nimeshindwa..."

"Najua," Mama alisema.

Mota ililia.

"Aliniambia akiwa anatoka. Alikuwa anacheka. Alisema, Mwalimu anataka giza, naenda kumpa giza." Mama bado alikuwa ameinama, anazungumza ndani ya lile bomba. "Jioni ile sikumwelewa; nimejua tangu asubuhi ile. Ulidhani kwa nini sikukufukuza? Ningekufukuza kwa kosa gani? Kwamba umenifanyia nini? Siku ambayo ningekufukuza, ningekuwa nimekubali kwamba amekufa."

Akatoa jicho. Alisimama wima, akatazama kusini kwa macho yake mwenyewe, pale palipokuwa peusi, kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini mchangani, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa wanawake wetu msibani.

"Mama," alimwambia Bibi. "Walilie."

Sijawahi kusikia tena sauti kama ile iliyotoka kwa Bibi. Ilikuwa imekaa ndani mwezi mzima. Aliita jina la Ambokile, akaita la Lusajo, akamwita Mungu, "Ee Kyala," na Mama akaipokea, na kutoka nyumba za jirani wanawake wakaitikia hata kabla hawajafika, kama vile kila mmoja alikuwa amelala na kilio chake mkononi. Uani kulijaa watu. Mtu alijikwaa kwenye darubini, ikainama, ikatazama chini mchangani, na mota ikaendelea kulia peke yake mpaka Mwalimu alipoichomoa.

Matanga yalifanyika. Ndugu wa Makwale walirudi, safari hii na vikapu vilevile wakapokelewa. Mwalimu Zaituni alichota maji, akaosha masufuria, akakaa jikoni moshini pamoja na wengine, na hakuna aliyemzuia wala aliyemsemesha. Watu walipotawanyika, Mama alimwita kibarazani.

"Sasa uhame, Mwalimu," alimwambia. "Sikulaani. Najua hukuuleta wewe upepo. Lakini nikikuona nakiona kicheko chake akitoka, na sitaweza kukibeba kila asubuhi."

"Nimeelewa, Mama Atu."

"Usilie mbele yangu."

"Silii."

Alipata chumba Bujonde. Siku ya kuondoka mkokoteni ulikuja, na lile bomba likaviringishiwa blanketi, na safari hii hakuna mtoto aliyetania. Bibi alimfuata mpaka barabarani akamtwisha mkungu wa ndizi, akamwambia jambo kwa Kinyakyusa ambalo Mwalimu hakulielewa. Mimi nililielewa. Alimwambia, mwanangu alipenda kucheka na wewe. Mwalimu akasema, "Ndaga, Bibi," neno pekee alilolijua, akaenda. Baadaye tulisikia amehamishwa mkoa. Sikumwona tena.

Na sisi hatukukaa. Baada ya mavuno tulihamia Makwale kwenye ardhi ya akina Baba, ndani kabisa, ambako ziwa halionekani. Nilidhani nimeachana nalo. Lakini kwa miaka mingi, jioni nikichota maji au nikirudi shambani, nilikuwa naona madoa mawili meupe pembeni mwa jicho. Nikigeuka, hakuna. Nilishaambiwa si wao, na shuleni nilijifunza galaksi ni nini, nikajibu mtihani, nikapata. Kujua hakukunisaidia. Bado nilijifunza kutembea bila kugeuka ghafla, nisije nikawafukuza.

Chuoni nilizikuta. Mtu mwingine, wa nchi nyingine, alikuwa amezipiga picha kwa darubini kubwa mara nyingi ya ile ya uani kwetu, zikawekwa kwenye mtandao wazione watu wote. Zilikuwa zile zile: mbili, zimeinamiana. Nilifunga kompyuta, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za maktaba mpaka mlinzi akaja kuniuliza.

Mama sasa anakaa na mimi Mbeya. Bibi tulimzika zamani. Katika miaka yote hiyo Mama hakuwahi kulitaja jambo lile, hata kwa fumbo, na mimi sikuwahi kumchokoza. Mwaka jana, mchana mmoja tukimenya ndizi jikoni, mvua ikinyesha juu ya bati, aliniuliza bila kunyanyua uso:

"Vile viwili. Vilikuwa vinagusana?"

Sikuwa na haja ya kuuliza viwili vipi.

"Mimi niliona kwa jicho tu," alisema. "Palikuwa na giza, halafu machozi. Wewe uliiona picha. Mitumbwi upepo ungeitenganisha, ndivyo walivyosema wale wanaume. Walisema Lusajo alitoka bure kwenye mtumbwi mzima, kila mmoja akaenda kivyake. Nilitaka kukuuliza siku nyingi. Vilikuwa vinagusana, au kimoja kilikuwa peke yake?"

Nilikuwa mtu mzima niliyesoma. Nilijua zile ni nini na ziko wapi, na kwamba hazikuwahi kusikia habari za kwetu Kyela.

"Vilikuwa vimeshikana, Mama," nikasema. "Mikono imeingiliana."

"Kweli?"

"Kweli. Niliona kwa macho yangu."

Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwake. Alitazama dirishani, kwenye mvua, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto.

"Basi Lusajo alimfikia," alisema.

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Alimfikia."